Mpini Unabaki, Manyoya Yanabadilishwa: Historia ya Brashi ya Kunyolea

Mtu anayekimbia vita hachagui mizigo kwa utulivu. Anachukua kilicho karibu: karatasi za masomo za watoto, kadi ya uchaguzi, sufuria, bidoni, godoro kama kuna mwenye nguvu ya kulibeba. Lakini katika mfuko wa nguo hupatikana mara nyingine kitu kisichosaidia njaa wala baridi: saa ya baba isiyotembea tena, rozari ya mama, au vyombo vya babu vya kunyolea ndevu. Vitu hivyo havina bei kubwa sokoni. Vinabebwa kwa sababu mwenyewe hayupo tena, na nyumba aliyoishi imebaki nyuma.

Katika vyombo vya kunyolea, brashi ndiyo inayowashangaza vijana. Ni kitu kifupi kinachoenea katika kiganja: mpini wa mbao, wa mfupa au wa plastiki nzito, na juu yake shada la manyoya lililobanwa pamoja. Kabla ya krimu za kopo na povu la kubonyeza, brashi ndiyo iliyogeuza maji ya moto na kipande cha sabuni kuwa povu zito. Mzee aliizungusha katika kikombe, akapaka mashavu na kidevu, kisha akapitisha wembe. Leo manyoya yamenyonyoka au yanatoa harufu, na mpini umepoteza mng'aro. Mjukuu anauliza kama brashi hiyo inaweza kufanya kazi tena.

Jibu lina sehemu mbili. Mpini mara nyingi unaweza kupona na kutumika miaka mingine mingi. Manyoya ya zamani, hasa ya brashi iliyotengenezwa kabla ya 1930, yasiguse tena uso wa mtu. Sababu yake si uchafu wa kawaida. Iko katika historia ya vita vingine, vilivyopiganwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Brashi iliyopewa jina la mnyama

Wazee waliosoma kwa Kifaransa wanaiita blaireau. Hilo kwanza ni jina la mnyama wa misitu ya Ulaya na Asia, mwenye mistari myeupe na myeusi usoni, wa jamaa moja na nyegere anayejulikana Afrika kwa kuvunja mizinga ya nyuki. Manyoya yake ni laini kwenye ncha, na yanashika maji mengi bila kuyaachilia haraka. Katika karne ya 18, huko Ufaransa, mafundi walianza kuyafunga katika mpini kwa ajili ya kupaka sabuni ya kunyolea, na jina la mnyama likawa jina la chombo.

Wakati huo kunyoa ndevu ilikuwa bado kazi ya kinyozi. Mwaka 1769, Jean-Jacques Perret, fundi wa visu wa Paris, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Desturi hiyo ilienea polepole, kwa sababu wembe wa zamani ulikuwa kisu kirefu kilichohitaji mkono uliozoea. Mabadiliko makubwa yalikuja 1903, Mmarekani King Gillette alipoanza kuuza wembe mdogo unaofungwa ndani ya kishikio na kutupwa ukiisha makali. Tangu hapo mwanaume yeyote aliweza kunyoa nyumbani, na kila aliyenyoa nyumbani alihitaji brashi.

Mwenye mali alinunua manyoya ya blaireau. Asiye na uwezo alinunua manyoya magumu ya nguruwe. Katikati yao kulikuwa na singa za farasi, yaani nywele ndefu za mkia na za shingo. Brashi za namna hizi zilifika Kongo pamoja na kioo cha mfukoni na kipande cha sabuni, mikononi mwa wamisionari, maofisa na makarani wa makampuni. Kutoka kwao zikaingia katika nyumba za Wakongo waliofanya kazi nao.

Pembe na kauchu

Hata hivyo, Kongo iligusa historia ya vyombo hivi kabla vyenyewe havijafika kwa wingi. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Manyema, ikifanya Nyangwe na Kasongo kuwa vituo vyake. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Tippu Tip. Pembe za tembo zilibebwa vichwani na mabegani mpaka Ujiji, kisha mpaka pwani na Zanzibar. Baada ya 1885, chini ya mfalme Leopold wa Pili, njia ya pembe iligeuzwa kuelekea magharibi, kwa mto na kwa bahari mpaka Antwerp. Mwisho wa karne hiyo Antwerp ilikuwa moja ya masoko makubwa kabisa ya pembe duniani. Kutoka huko pembe ziligeuka vibonyezo vya piano, mipira ya biliadi, vitana, mipini ya visu na mipini ya brashi za watu wa tabaka la juu.

Kisha ikaja kauchu. Mpira uliopikwa pamoja na salfa huwa mgumu na haupitishi maji, na viwanda viliugundua kuwa kitu kizuri cha kushikisha manyoya. Rubberset, kampuni ya Newark huko Marekani, ilijulikana kwa kazi hiyo, hata brashi nyingi za zamani zina maandishi yanayosema kwamba manyoya yake yameshikwa katika mpira. Historia ya kauchu katika Kongo ya Leopold inajulikana kwa kila familia iliyosimuliwa na wazee wake: vijiji vilivyolazimishwa kuleta vikapu, watu waliotoroka porini, mikono iliyokatwa. Utawala huo wa mfalme ulikwisha 1908, Ubelgiji ilipochukua koloni.

Hakuna anayeweza kuangalia mpini mmoja wa pembe na kusema tembo wake alianguka wapi. Wala kipande cha mpira ndani ya brashi hakisemi kilitoka msitu gani. Inatosha kujua kwamba chombo kidogo cha kwenye meza ya Ulaya kilikusanya vitu vya mbali, na kwamba aliyekitumia hakuhitaji kuuliza vimepita mikononi mwa nani. Kwa upande wa manyoya, siku ilifika ambayo swali hilo lilidai jibu.

Vita vilipofunga njia

Vita vya kwanza vya dunia vilianza 1914. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya gesi ya klorini, na upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya adui. Kuanzia hapo barakoa ya gesi ikawa kifaa cha lazima kwa askari, na barakoa haikai vizuri juu ya ndevu nyingi. Jeshi la Uingereza, ambalo zamani liliwakataza maaskari wake kunyoa masharubu, liliifuta sheria hiyo Oktoba 1916. Marekani ilipoingia vitani 1917, serikali yake iliwanunulia maaskari nyembe za Gillette, na hesabu ikafika seti milioni 3.5. Mamilioni ya watu walihitaji brashi kwa wakati mmoja.

Manyoya yalikuwa hayapatikani kwa urahisi. Kabla ya vita, manyoya mengi ya Urusi na ya China yalipita kwanza kwa wafanyabiashara wa Ulaya, wakiwemo wa Ujerumani, waliyoyachambua na kuyasafisha kabla ya kuyauza kwa viwanda. Vita vilikata njia hiyo. Viwanda vikageukia singa za farasi kutoka Asia, zilizofika moja kwa moja kwa meli. Zilitiwa rangi ili zifanane na manyoya ya blaireau, kisha zikauzwa kwa bei ndogo.

Hapo ndipo maaskari walipoanza kufika kwa waganga na kipele kwenye kidevu au shingoni. Kipele kiliwasha bila kuuma sana. Kikageuka lengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati, na uso ukavimba. Waganga walikitambua: kilikuwa kimeta, ambacho Wafaransa wanakiita charbon, yaani makaa, kwa sababu ya weusi wa gamba hilo. Vijidudu vilikuwa ndani ya manyoya ya brashi, na wembe ulikuwa umevifungulia mlango kwa kukwaruza ngozi. Kati ya 1915 na 1924, zaidi ya watu 200, maaskari na raia wa Uingereza na Marekani, waliandikwa kuwa wamepata kimeta kwa njia ya brashi za kunyolea. Hapakuwa bado na antibiotiki. Kimeta cha ngozi kisichotibiwa huua mtu 1 au 2 kati ya 10.

Ujuzi wa ugonjwa huo ulikuwepo zamani. Mjerumani Robert Koch alikuwa ameonyesha 1876 namna kijidudu chake kinavyoishi. Mwezi wa tano 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort huko Ufaransa, Louis Pasteur aliwachanja kondoo mbele ya mashahidi, na waliochanjwa wakapona walipotiwa kimeta. Wafanyakazi wa viwanda vya sufu vya Bradford, huko Uingereza, walikuwa wamezika wenzao kwa sababu ya ugonjwa uleule, nao walijua ni manyoya gani ya kuogopa. Kilichopotea kati ya 1914 na 1918 ni hatua moja tu katikati ya mnyama na uso wa mtu: hatua ya kusafisha. Vita viliiondoa, haraka ya biashara ikasahau kuirudisha, na aliyelipa ni askari mbele ya kioo chake.

Baadaye serikali ziliamka. Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia kimeta 1919. Mwaka 1920 ilikataza brashi za kunyolea kutoka Japani zisiingie nchini, na 1921 kituo cha serikali cha kusafisha sufu na manyoya kwa dawa ya formalini kilifunguliwa Liverpool. Viwanda vikaanza kupiga chapa juu ya mipini kuthibitisha kwamba manyoya yameuawa vijidudu. Visa vikapungua, na watu wakasahau.

Ugonjwa uleule kando ya ziwa Édouard

Wakaaji wa Rutshuru na wavuvi wa ziwa Édouard hawana haja ya kwenda Liverpool kujifunza kimeta. Mwezi wa nne 2025, mizoga ya viboko ilionekana ikielea katika mto Ishasha, ndani ya hifadhi ya Virunga. Angalau viboko 50 walikufa pamoja na wanyama wengine wakubwa, na uchunguzi ulithibitisha kwamba ni kimeta. Shirika la ICCN liliwaomba wakaaji wasikaribie wanyama wa pori na wachemshe maji ya kunywa. Ng'ambo ya mpaka, katika hifadhi ya Queen Elizabeth huko Uganda, kimeta kilikuwa kimeua viboko zaidi ya 200 kati ya 2004 na 2005.

Ugonjwa huu unarudi kwa sababu kijidudu chake kina namna ya kulala. Kikikosa mwili wa kuishi ndani yake, hujifunga katika ganda gumu kama mbegu, kikangoja udongoni au ndani ya manyoya makavu. Mbegu hizo hustahimili jua na ukame kwa makumi ya miaka. Kisiwa cha Gruinard, huko Scotland, kilitiwa kimeta kwa majaribio ya kijeshi kuanzia 1942. Kilibaki kimefungwa mpaka kiliposafishwa kwa formalini 1986, kikatangazwa salama 1990.

Kwa hiyo brashi ya singa iliyotengenezwa 1917 haiwezi kuaminiwa kwa sababu tu ni ya zamani na imekauka. Ni kweli kwamba hatari ni ndogo, kwani brashi nyingi za wakati ule hazikuwa na kitu. Lakini jicho haliwezi kutofautisha iliyo safi na isiyo safi. Maji yanayochemka katika sufuria ya nyumbani hayatoshi kuwa dhamana dhidi ya mbegu za kimeta, na formalini ni sumu isiyofaa kuchezewa jikoni.

Kujua umri wa brashi ya mzee

Kwa bahati nzuri, brashi nyingi zilizobaki katika familia ni za miaka ya 1940, 1950 na 1960. Mpini wenyewe husaidia kukisia. Pembe, mfupa na selulodi huelekeza mara nyingi kwenye brashi za zamani zaidi. Selulodi ni plastiki ya kwanza iliyouzwa kwa wingi. Mmarekani John Wesley Hyatt aliitengeneza karibu na 1870 akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe katika mipira ya biliadi. Huiga mistari ya pembe vizuri sana, ila inashika moto kwa haraka, na ikisuguliwa mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Bakelaiti ilikuja baada yake, kazi ya Leo Baekeland, Mbelgiji wa Ghent aliyehamia Marekani na kuitangaza 1909. Ni nzito, ngumu, mara nyingi nyeusi au kahawia. Nailoni ilianza kutumika katika miswaki ya meno 1938, kwa hiyo brashi yenye nyuzi za nailoni haiwezi kuwa ya vita vya kwanza, labda kama shada lilishabadilishwa.

Chapa ya kiwanda, maandishi ya nchi na masimulizi ya familia huongeza ushahidi. Ikijulikana kwamba babu alinunua brashi mpya kwa mshahara wake wa kwanza katika miaka ya 1950, jambo limekwisha. Ikiwa umri haujulikani, au brashi inaonekana kuwa ya kabla ya 1930 na bado ina manyoya yake ya kwanza, njia ya busara ni kutoyakata wala kuyatoboa, kwa sababu kazi hiyo hurusha vumbi. Brashi kama hiyo ifungwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko na iwekwe kama picha inavyowekwa. Anayetaka kunyoa kwa kumbukumbu ya mzee anaweza kumpa fundi wa mbao chupa hiyo aitazame bila kuifungua, na fundi akachonga mpini mwingine wa umbo lilelile.

Kutoa ya zamani

Kwa brashi isiyo na shaka ya umri, kazi ni ya mchana mmoja na subira ya usiku mmoja. Hufanyika nje, mbali na watoto na vyakula, kwa glavu na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Manyoya hulowanishwa kwanza ili yasiruke, kisha hukatwa kwa makasi karibu kabisa na mpini. Yaliyokatwa hufungwa katika mfuko na kuchomwa.

Hapo panabaki kisiki cha manyoya na gundi ndani ya tundu. Fundi hutoboa katikati kwa kijino chembamba, kisha anapanua polepole kwa vijino vikubwa zaidi, mpaka anapofika kwenye kuta za tundu. Haraka ndiyo inayopasua mipini. Plastiki ikipata moto wa kijino hulainika na kuharibika, kwa hiyo fundi husimama kila mara ili ipoe. Mpini wa pembe au mfupa hauloweshwi majini wala hauwekwi juu ya mvuke, kwani hupasuka. Mpini wa pembe hauna pia sababu ya kupelekwa sokoni wala kuvushwa mpakani: tangu 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za tembo imekatazwa.

Tundu likiwa safi, mpini husuguliwa kwa msasa mwembamba wenye maji, kisha kwa kitambaa chenye dawa kidogo ya meno mpaka ung'ae. Wa mbao hupakwa vanishi ili maji yasiingie. Kama mzee alikwaruza herufi za jina lake chini ya mpini, msasa usifike hapo. Pengo dogo lililotokea siku brashi ilipoanguka halihitaji kujazwa, isipokuwa kama linakata mkono.

Shada gani la kuweka

Shada jipya huuzwa likiwa limeshafungwa na kugandishwa chini, na hupimwa kwa milimita. Kipimo cha kwanza ni upana wa kitako chake. Mengi yapo kati ya milimita 20 na 26, na kitako kinapaswa kuwa chembamba kidogo kuliko tundu ili gundi ipate nafasi. Kipimo cha pili ni urefu wa manyoya yanayobaki nje ya mpini. Kwa shada la milimita 24, urefu wa karibu milimita 50 unafaa watu wengi. Likizama zaidi, brashi inakuwa ngumu. Likipanda juu, linalegea kama ufagio uliochoka. Ndiyo maana shada hujaribiwa likiwa kavu kabla ya gundi. Tundu likiwa na kina kirefu, kipande cha mbao huwekwa chini yake kuliinua.

Manyoya ya blaireau bado ndiyo yanayosifiwa kwa ulaini, na bei yake inapanda kufuatana na daraja. Mengi leo hutoka China. Huko Uingereza mnyama huyo analindwa na sheria tangu 1973, na wanunuzi wengi hawataki tena manyoya yake kwa sababu ya namna anavyokamatwa. Manyoya ya nguruwe ni ya bei ndogo na yanasugua vizuri, ila lazima yalowe maji kabla ya kazi, na hulainika baada ya majuma kadhaa, ncha zake zinapopasuka. Singa za farasi za siku hizi hukatwa bila kumwua mnyama, nazo hazina ubaya zikitoka kwa muuzaji anayejulikana kuwa zimesafishwa. Singa zisizo na asili inayojulikana ziachwe kwa muuzaji.

Nyuzi za plastiki zilidharauliwa zamani, kwa sababu nailoni za kwanza zilikuwa ngumu na hazikushika maji. Za leo ni nyembamba na laini. Hazihitaji kuloweshwa, zinatoa povu kwa sabuni kidogo, zinakauka haraka, na hazikutoka kwenye mwili wa mnyama yeyote. Kwa mtu anayehesabu bidoni za maji kwa siku, anayelala chini ya hema mahali ambapo kitu kilicholowa hakikauki wakati wa mvua, hilo ndilo shada linalomfaa. Asipopata shada la kuagiza, brashi mpya ya bei ndogo yenye nyuzi za plastiki inaweza kuvunjwa mpini wake na kutoa shada lake.

Gundi ya kuchanganya vimiminika viwili ndiyo inayoshika imara. Hupakwa kidogo tu, shada likasimamishwa wima, likaachwa saa 24. Siku inayofuata brashi huoshwa kwa sabuni mara mbili au tatu ili harufu na nyuzi zilizolegea zitoke. Baada ya kila kunyoa husuuzwa, hukung'utwa na kuachwa mahali penye hewa. Nayo, kama wembe, ni ya mtu mmoja. Ngozi iliyonyolewa ina mikwaruzo isiyoonekana, na maaskari wa 1915 walionyesha kinachoweza kupita humo.

Kuna watakaoona kwamba brashi iliyobadilishwa manyoya si ya babu tena. Lakini babu mwenyewe, kama aliitumia miaka 20, huenda alishabadilisha brashi yake zaidi ya mara moja, maana manyoya huisha kama nyayo za kiatu. Mkono wake haukushika manyoya. Ulishika mpini, kila asubuhi, mpaka upande mmoja ukalika kidogo mahali kidole gumba kilipokaa. Mjukuu akiuchukua leo mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa kwenye nguzo ya hema, kidole chake kitapata mahali hapo bila kuonyeshwa.